Kabla ya Kulipa Ada, Uliza Mtoto Ataketi Wapi

Najua mara iliyopita niliahidi kuandika juu ya chanjo za watoto wanaokwenda nyumbani likizo. Nitaandika, msinikasirikie. Lakini wiki mbili zilizopita dada yangu alinipigia kutoka Morogoro kabla sijavua viatu vya zamu ya usiku, na tangu siku hiyo kichwa changu kiko kwenye vyuo vikuu.

Mtoto wake wa pili, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu pia na huniita mama mdogo, amemaliza kidato cha sita na matokeo yake ni mazuri. Ana barua mbili mkononi. Ya kwanza imetoka chuo kimoja cha huku kwetu katikati ya Uingereza, na ya pili chuo cha bara Ulaya kinachofundisha kwa njia ya mtandao, ambacho mtoto angesoma akiwa sebuleni kwao. Ya pili ni theluthi ya bei ya kwanza.

"Wewe uliyesoma huko niambie," dada akasema. "Digrii ni digrii. Hizo theluthi mbili zinazobaki tunanunua nini? Majengo?"

Ndiyo dada, majengo. Nilicheka, kisha nikakaa kitandani na sare yangu mwilini, kwa sababu swali lenyewe ni zito. Kuna watu Ulaya ambao kazi yao ya kila siku ni kulijibu.

Niliwafahamu nilipokuwa naandika kazi ya mwaka wa mwisho wa digrii yangu. Wako Uholanzi, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, na mmoja wao ni profesa Alexandra den Heijer. Mwaka 2011 alitoa kitabu kuhusu namna ya kusimamia kampasi, yaani jinsi chuo kinavyoamua kijenge nini, kibomoe nini, na chumba kipi apewe nani. Mwaka 2014 yeye na mwenzake wakatoa kingine kilichotazama kampasi za nchi zote za Umoja wa Ulaya. Cha 2021 kinahusu kampasi ya kesho, na ndicho kilichonikamata, kwa sababu kinatumia somo ambalo sote tulilisoma shule ya msingi: yabisi, kimiminika na gesi.

Chuo cha yabisi ni kile cha kuta. Kila kitivo kina jengo lake, kila mwalimu ana mlango wenye jina lake, na wewe wa mjini huna shughuli mle ndani. Kimiminika ni chuo cha kushirikiana: meza haina mwenyewe, vitivo vinatumia vyumba kwa zamu, milango iko wazi kwa wananchi, na maktaba ni mahali pa watu kukutana zaidi ya mahali pa kutunzia vitabu. Gesi ni chuo usichokiona. Kiko kwenye simu yako jikoni, kwenye basi, popote. Den Heijer hasemi kwamba moja litafuta jingine. Anasema kampasi ya kesho itakuwa mchanganyiko wa zote tatu, na kazi ngumu ya wakuu wa vyuo ni kupima kiasi.

Kwa nini wanahangaika hivyo? Kwa sababu ya pesa kwanza. Baada ya mishahara, mzigo mkubwa wa chuo ni majengo yake: kuyapasha joto, kuyasafisha, kuyakarabati. Vyuo vingi vya Ulaya vilijenga kwa wingi miaka ya 1960 na 1970, na majengo hayo sasa yamezeeka yote kwa pamoja. Halafu kuna suala la tabianchi. Chumba kinachopashwa joto bila mtu ndani ni hela na moshi vinavyotoka dirishani.

Ukitaka kuziona hali hizo tatu bila kusoma kitabu, njoo Birmingham ushuke kituo cha treni kinachoitwa University. Kila nikitoka zamu nasimama pale. Wauguzi tunaingia kwenye treni na macho mekundu, wanafunzi wanashuka na vikombe vya kahawa, maana kituo ni kimoja kwa chuo na kwa Hospitali ya Queen Elizabeth. Kilifunguliwa 1978, na jengo lake jipya likafunguliwa Januari 2024.

Kutoka pale utauona mnara wa saa wa matofali mekundu, kama mita 100 kwenda juu. Wanafunzi wanauita Old Joe, na wanaamini ukipita chini yake kengele ikilia utafeli. Joe mwenyewe ni Joseph Chamberlain, mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Birmingham, kilichopata hati yake ya kifalme mwaka 1900. Yeye hakutaka chuo kibanane katikati ya mji wenye moshi wa viwanda. Familia ya Calthorpe ikatoa eka 25 huku Edgbaston, msanifu Aston Webb akachora majengo yaliyopangwa nusu duara, na mfalme Edward wa Saba akaja kuyafungua mwaka 1909. Hiyo ndiyo yabisi yenyewe. (Chamberlain huyo huyo alikuwa Waziri wa Makoloni. Desemba 1902 alipita Mombasa akapanda reli ya Uganda, na mwaka uliofuata akawa anawaahidi Wayahudi wa Ulaya ardhi ya Uasin Gishu, kana kwamba haikuwa na watu. Ninayo rafiki wa Eldoret, nitamtaja hapa chini, ambaye hawezi kupita chini ya mnara ule bila kuusemesha.)

Lakini hata yabisi huyeyuka. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, majengo yale yaligeuzwa hospitali ya kijeshi, na vitanda vya majeruhi vikapangwa katika Ukumbi Mkuu ambako leo wanafunzi wanavaa majoho. Mimi kama muuguzi hilo nalipenda kuliko mnara. Karibu na hapo palikuwa na maktaba ya zamani. Maktaba mpya ilipofunguliwa 2016, ile ya zamani ilibomolewa na mahali pake pakaachwa pawe bustani ya eka 12, iliyofunguliwa 2019. Fikiria chuo kinabomoa jengo kisijenge jingine, kinapanda majani watu wakae. Na mwaka 2021 chuo hicho hicho kilichokimbia mji kilirudi mjini: kilichukua jengo lililokuwa makao makuu ya benki ya manispaa, la mwaka 1933, pale Centenary Square, na sasa lina kumbi na mgahawa ambao mtu yeyote anaingia.

Mkabala na jengo hilo iko maktaba ya jiji, ile ya duara za chuma, iliyofunguliwa na Malala Yousafzai Septemba 2013, mwaka mmoja baada ya kutibiwa katika hospitali hii hii ya Queen Elizabeth. Kampuni iliyoichora, Mecanoo ya Uholanzi, ndiyo iliyochora maktaba ya chuo cha Delft, ile yenye paa la majani ambalo wanafunzi wanalipanda na kulala juu yake. Mnaoishi hapa mnajua kilichofuata. Jengo liligharimu karibu pauni milioni 189, na mwaka 2015 jiji likakosa pesa za kuliendesha, likapunguza saa za kufungua kutoka 73 kwa wiki hadi 40. Jengo lipo na mlango umefungwa. Kwa mtu anayefanya kazi mchana au usiku, jengo lililofungwa ni sawa na jengo ambalo halijajengwa.

Nirudi Delft, kwa sababu wale watafiti hawakuyasoma haya vitabuni tu. Mei 13, 2008, maji yalivuja kwenye mashine ya kahawa katika jengo la kitivo chao cha usanifu majengo, umeme ukapiga shoti, na jengo la ghorofa 13 likaungua mpaka sehemu yake ikaanguka. Hakuna aliyekufa. Walimu na wanafunzi wakahamia kwenye mahema, na ndani ya miezi michache wakaingia katika jengo kuukuu la chuo ambalo lilikuwa limeshaachwa. Lilikuwa dogo kuliko lile lililoungua. Kwa hiyo walimu hawakurudishiwa ofisi zao. Meza zikawa za kushirikiana, viwanja vya ndani vikaezekwa kwa vioo vikawa kumbi za kazi, na watu ambao miaka yote walipitana kwenye lifti wakaanza kukaa pamoja. Ilipofika wakati wa kuamua, wakabaki mle mle.

Nasi tulikuwa na moto wetu. Septemba 20, 2020, jengo kuu la Makerere, lile jeupe lililosimama tangu 1941, liliteketea usiku. Waganda walilia kama wamefiwa. Wao walichagua njia nyingine: walilijenga upya kwa sura ile ile, na likafunguliwa tena Oktoba 2024. Kuna watakaosema Delft walikuwa werevu na Makerere walishikilia ya kale. Sikubali. Delft walipoteza jengo la kazi. Makerere walipoteza sura ambayo mtoto wa Gulu au wa Mbarara aliiona kwenye kalenda ukutani akasema nami nitafika pale, na sura ya namna hiyo nayo ina kazi yake.

Sasa niseme kinachoniuma.

Wodini kwetu, saa yoyote ya usiku ukiuliza vitanda vingapi viko wazi, kuna mtu anayejua. Ni kazi yake. Anajua kipi kina mgonjwa, kipi kinasafishwa, kipi kinamsubiri mtu aliyeko chumba cha upasuaji. Vyuoni sivyo. Chumba kinaandikwa "kimechukuliwa" kwa sababu mtu alikiweka kwenye ratiba Agosti, ukifungua mlango Novemba hamna hata nzi. Watafiti wa Delft wamechunguza vyombo vya kutibu ugonjwa huu: vihisio vya kuhesabu watu, hesabu ya simu zilizounganishwa kwenye waifai, programu ya kumwonyesha mwanafunzi palipo wazi sasa hivi. Ni wazo zuri. Lakini chombo kinafuata akili ya aliyekinunua.

Niliposoma digrii yangu nilikuwa nafanya kazi usiku. Zamu iliisha saa moja na nusu asubuhi, darasa lilianza saa nne, na nyumbani kwangu Small Heath palikuwa mabasi mawili kutoka chuoni, na mtoto mchanga ndani. Nilichohitaji ni kiti kimoja na meza moja kwa saa mbili. Chuo, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimeleta programu ya kuweka nafasi. Nikifika asubuhi nakuta ukumbi mzima uko mtupu na skrini yote ni nyekundu. Walioweka nafasi walikuwa bado vitandani mwao, wameziweka wakiwa wamelala bweni lililoko mtaa wa pili. Mlinzi alikuwa baba wa makamo, mpole, akaninong'oneza, "Ningekuruhusu binti, lakini mashine inasema pamejaa." Nilisomea kwenye ngazi muhula mzima. Mtihani mmoja nilifeli kwa alama tatu, nikaurudia.

Kilichoniokoa ni kona ya maikrowevu. Ghorofa ya pili palikuwa na mashine tatu za kupashia chakula, moja inatoa cheche, na benchi refu la mbao ambalo hakuna programu iliyolijua. Pale ndipo nilipokutana na huyo mama wa Eldoret, aliyekuwa anasomea ustawi wa jamii, na kijana wa Bukavu wa uhandisi. Tulisikilizana Kiswahili kutoka meza tofauti. Yeye wa Bukavu alikuwa na Kiswahili cha kwao ambacho mwanzoni nilikielewa nusu, lakini takwimu alizijua kuliko mwalimu wangu. Alinifundisha kwa wiki tano nyuma ya bahasha za mshahara, mimi namlisha pilau. Mtihani wa marudio nilipita.

Mwaka uliofuata chuo kilikarabati jengo. Kona ikaondolewa, pakawekwa sofa za rangi na mgahawa wa kahawa. Katika michoro iliyobandikwa ukutani paliitwa mahali pa kukutania.

Sisemi utafiti ule ni mbaya. Umesema kweli juu ya vyumba vitupu, na ningependa kila mkuu wa chuo ausome. Ninachosema ni kwamba meza isiyo na mwenyewe humfaa zaidi yule mwenye meza nyingine nyumbani. Na gesi ndiyo zaidi. Machi 2020 vyuo vyote viligeuka gesi ndani ya wiki moja. Mimi nilikuwa wodini, lakini nyumbani kwa mwenzangu wa zamu watoto watatu walikuwa wanasomea kompyuta moja juu ya kitanda, wa chuo kikuu anasubiri wa msingi amalize. Chuo kinapotoka kwenye kuta zake, kuta hazijapotea. Zimehamia kwako, na kodi yake na umeme wake unalipa wewe.

Kwa hiyo nilimpigia dada, nikamwambia: kwa huku, theluthi mbili hizo si za majengo, ni za kiti na watu wa kukaa nao. Kama kiti hakipo, tumeibiwa. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza haitolewi kwa kozi ya mtandaoni, maana yake nchi yenyewe inamtaka mtoto awepo darasani kwa mwili, na wakati wa muhula haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki. Basi muda wake mwingi ni wa kuwa mahali fulani. Tuulize ni wapi.

Halafu nikasema lililokuwa moyoni. Nikamkumbusha kwamba mtoto ana nafasi ya tatu, ambayo hakuna aliyeitaja kwenye simu: Mlimani amechaguliwa pia.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 na kitivo kimoja, cha sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikapanda mlimani 1964. Ukumbi wake wa Nkrumah tumeushika mikononi miaka mingi kwenye noti ya mia tano. Tangu 2018 kina maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China yenye nafasi za watu 2,100 kwa wakati mmoja, na mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni ya kulaza wanafunzi 3,840. Bado hayatoshi, najua. Neno "kubebana" halikuzaliwa bure, na waliolala wawili kitanda kimoja pale Mlimani wanaosoma safu hii wako wengi. Lakini hata kubebana ni kulala kampasi. Na kwa treni ya umeme Morogoro ni chini ya saa mbili. Kwa kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kulala mbali na mama yake, naona hiyo ndiyo kampasi iliyo bora kati ya zote tatu, kisha aje huku kwa shahada ya pili akiwa ameshajua kujitafutia kiti.

Dada alinyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe uko Ulaya, unatuambia sisi tubaki."

Hilo nalo ni kweli, na sikuwa na la kumjibu asubuhi ile. Mimi nilikuja na stashahada yangu ya uuguzi bila kumuuliza mtu kama kuna meza. Mtoto mwenyewe anataka kuja, ameniandikia usiku, "Mama mdogo nisaidie kumwelewesha mama." Siwezi kuwa mlango uliofungwa kwake.

Tumekubaliana hivi. Nimeandika barua pepe kwa kile chuo cha huku na kuuliza mambo matatu. Bweni la mwaka wa kwanza ni la uhakika au la bahati, na ni dakika ngapi kwa miguu? Ratiba ni siku ngapi kwa wiki za kufika darasani, na kati ya kipindi na kipindi mwanafunzi anakaa wapi? Na je, saa tano usiku kuna kiti ambacho mtu anaweza kukikalia bila kukiweka kwenye programu? La kwanza na la pili nimejibiwa ndani ya siku mbili, kwa adabu, na majibu si mabaya: bweni ni la uhakika mwaka wa kwanza tu, darasani siku tatu. La tatu walinitumia picha za jengo jipya. Nimewaandikia tena Jumatatu.

Jana dada amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema hata hiyo ya mtandaoni ameanza kuifikiria upya, maana amegundua mtoto miaka yote hii alikuwa anasomea meza ya cherehani yake, usiku, baada ya yeye kumaliza nguo za wateja. "Sasa akisoma mchana kutwa," anasema, "mimi nitashonea wapi?"